Gari Nililolisukuma

Rumonge, Jumapili, 23 Septemba 1962

Leo nimenunua gari la mzungu wa kiwanda. Naliandika hilo kwanza, peke yake, nipate kulitazama.

Ni lile jeupe, refu, la Kimarekani, la kufunuka paa. Kila mtu kutoka hapa hadi Magara analijua. Mimi nalijua zaidi kwa upande wa nyuma. Miaka tisa nachemsha chikichi kwenye kiwanda hiki cha mawese, na kila majira ya mvua gari hili lilikwama kwenye tope la barabara ya ziwani. Mzungu alipiga honi mara tatu, nasi tukaacha mapipa tukakimbia. Yeye alikaa kwenye usukani, sisi tukasukuma. Magurudumu yakishika ardhi yalituchapa tope la uso, gari likaenda zake. Hakusimama kusema asante, kwa sababu akisimama atakwama tena. Hilo nalielewa. Lakini sikulisahau.

Sasa Uhuru umekuja na mzungu anarudi kwao. Anauza kila kitu, na gari ndilo pekee lililokosa mtu. Kitufe cha kuinua paa kimekufa. Turubai lake limeoza, limekunjika nyuma ya viti kama ngozi ya ng'ombe. Nilikwenda, nikavua kofia, nikamwambia nalitaka. Alicheka mpaka akashika meza. Akaona sicheki. Nikampa pesa nilizokuwa nimeziweka za kurudi kwetu Kasongo, ng'ambo ya ziwa, za meli na treni na zawadi za kuingilia nyumbani. Zimekwisha zote.

Amisi, ninayekaa naye chumba kimoja, mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani, alitoka nje na taulo kiunoni akalizunguka.

"Ndugu yangu, paa iko wapi?"

"Litatengenezwa."

"Basi umenunua beseni ya kuogea. Nzuri. Hata mimi nilikuwa nachoka kuoga ziwani."

Jumatatu, 24 Septemba

Msimamizi mpya, Bwana Ndabaniwe, aliniita mbele ya watu wote kabla ya kengele. Wakati wa Wabelgiji alikuwa karani wa mizani. Siku alipopewa ofisi mwezi wa saba nilifurahi kwa moyo wote, nikambebea meza mwenyewe.

"Nasoro, amahoro."

"Amahoro, Bwana."

"Nasikia umenunua gari. Kesho utanunua kiwanda?"

Watu wakacheka. Nikasema kiwanda hakina magurudumu, nitakisukumaje? Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka. Anakuja kazini kwa baiskeli, na mnyororo wake unalia.

Jumapili, 30 Septemba

Nimeliendesha. Kuendesha najua, maana kila dereva wa lori la kiwanda alipolewa mimi ndiye niliyelirudisha uwanjani. Nimepita mtaa wetu wa Waswahili toka msikitini hadi sokoni, polepole, mkono mmoja nje. Viti vyake ni vya ngozi nyekundu. Ukikaa unazama, na mgongo wangu, ambao haujapumzika tangu nivuke ziwa, ulishangaa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Yule mwanamke mshonaji, mjane mwenye ulimi, alisimamisha cherehani kibarazani kwake akapaza sauti: "Nasoro! Umefika mbali sana, na kesho utarudi kupika chikichi!"

Ni kweli. Nikampigia honi.

Ijumaa, 5 Oktoba

Mvua ya kwanza. Gari lilijaa hadi kwenye viti. Nilichota maji kwa kopo la mtumbwi wa Amisi, naye akanishikia mwavuli, akiimba nyimbo za makasia.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimepata akili. Amisi na wenzake huziba nyufa za mtumbwi kwa pamba iliyochovywa kwenye mawese, na ziwa lote haliingii. Kama mawese yanazuia ziwa, yatashindwa na mvua? Nimeomba turubai kuukuu kwa watu wa lori. Mawese ninayo, posho yangu ya mwezi mzima.

Alhamisi, 11 Oktoba

Turubai nimelipaka mara tatu, nimelifunga juu ya gari kwa kamba. Mvua imenyesha mchana kutwa na tone halikuingia. Linang'aa kama samaki wa kukaanga. Nimelala vizuri.

Jumapili, 14 Oktoba

Jua kali. Mawese yameyeyuka yanadondokea viti. Viti ni vyekundu, mawese ni mekundu, kwa hiyo haionekani sana. Ukikaa ndipo unajua.

Jumatano, 17 Oktoba

Mimi ni mtu wa kiwanda cha mawese. Mawese yako chini ya kucha zangu, yako kwenye mto ninaolalia. Na bado sikukumbuka kitu ambacho kila mtoto wa Rumonge anakijua, kwamba mawese ni chakula.

Kwanza walikuja siafu. Nikawamwagia majivu. Kisha kuku wa jirani, wakipanda juu ya paa wakidonoa. Nikawafukuza. Leo asubuhi nimetoka nikakuta turubai lina matundu ya kuingiza kichwa. Panya wa mtaa mzima walikuwa wamealikana, wakala paa langu, na waliposhiba wakashuka ndani wakaguguna mishono ya kiti cha nyuma. Mmoja alikuwa bado amelala kwenye kiti cha usukani, tumbo juu. Nilipofungua mlango alinitazama kama mimi ndiye mgeni.

Mtaa wote ulikuja kuona. Yule mjane alikuja na sindano zimechomekwa kifuani, akanusa, akashika kiuno.

"Mama Batuli, usiseme kitu," nikamwambia.

"Mimi? Niseme nini? Mutu amelipaka gari mchuzi, akalaza nje, sasa anauliza nani amekula. Chumvi uliweka?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Assumani, mwenzangu wa kazini, alikaa chini kabisa. Hata mimi nilicheka, lakini baadaye, nikiwa peke yangu, sikucheka. Nilikaa ndani ya gari linalonuka panya nikafikiri, ningekuwa Kasongo sasa hivi. Ningekuwa nimeshafika, watu wameshanipokea, wameshakula zawadi zangu, na mimi nimeshaanza kutafuta kazi ya kusukuma kitu cha mtu mwingine. Nikashuka, nikachota maji ya sabuni.

Ijumaa, 19 Oktoba

Bwana Ndabaniwe ametangaza kazini kwamba gari lolote la mfanyakazi lisionekane kwenye barabara ya kiwanda. Gari la mfanyakazi ni moja.

Jumapili, 21 Oktoba

Mama Batuli alipita jioni wakati wa kahawa, akakaa kwenye ngazi ya gari, hakunitazama.

"Binti yangu anaolewa," akasema. "Mwezi wa kumi na mbili. Anakwenda Magara, kwa Abdul mutoto wa wauza samaki."

Nikasema nimesikia, heri.

"Kutoka hapa mupaka Magara iko barabara ya wazi tupu, ziwa huku, watu huku. Bibi harusi wetu haonekani njiani, unajua. Dada yake tulimpeleka juu ya lori, tumemfunika mablanketi, akafika amezimia kwa joto. Batuli sitamufunika kama gunia ya ndagala."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Nakushonea paa. Paa ya kweli, si supu. Nawe unampeleka mutoto wangu amekaa kwenye kiti kama binadamu, hakuna jicho la mutu limemuona. Basi."

Nilimwuliza kama ataweza. Akaniuliza tangu niijue Rumonge suruali zangu anashona nani.

Ijumaa, 2 Novemba

Mvua. Mvua. Mgongo.

Jumapili, 11 Novemba

Paa limekwisha. Nataka kuandika jinsi lilivyofanywa, kwa sababu nimemwona mtu akifanya kazi.

Alipata kitambaa cha hema kutoka kwa watu wa mission, kizito, rangi ya majivu. Alilipima gari kwa kamba yenye mafundo, kisha akalala chali ndani yake kwenye viti, kanga kichwani, akitazama juu kimya kwa muda mrefu hadi Amisi akaniuliza kama amekufa. Akaagiza nta ya nyuki kwa watu wa Bugarama, wanaotelemka milimani siku za soko. Tukaiyeyusha, tukakipaka kitambaa ikiwa bado ya moto. Ndani aliweka kitambaa kingine chepesi, cha maua ya njano, "kwa sababu mutoto atakuwa anatazama juu, analia, ni vizuri atazame maua." Pande zote aliweka mapazia. Na mwisho, kwa kuwa vyuma vya kukunja vimekufa, alilishona paa lote moja kwa moja kwenye fremu kwa uzi wa fundi viatu, sindano inayopenya ngozi, siku tatu, vidole vimefungwa vitambaa.

"Halifunuki tena," akasema. "Ukitaka kulifunua, ulikate."

"Sina haja ya kulifunua."

"Vizuri. Maana ukilikata nitakukata."

Nilikuwa namwona ni mwanamke wa maneno. Miaka yote hiyo nimepita mbele ya kibaraza chake nikiharakisha, nisidakwe. Leo nilikaa hapo hadi adhana.

Alhamisi, 15 Novemba

Bwana Ndabaniwe amenipa uhamisho. Sichemshi tena. Nabeba mikungu ya chikichi kutoka mashambani juu kilimani, pamoja na vijana. Aliniambia mwenyewe, kwa upole, akinisindikiza mlangoni: "Niuzie lile gari, Nasoro. Mimi ni msimamizi. Nikifika Usumbura kwa baiskeli, wataniheshimu? Wewe ni Mkongomani, siku moja utarudi kwenu. Lile gari litavuka ziwa?"

Nikamwambia halitavuka, ndiyo maana linakaa. Na mimi nakaa nalo.

Jumatano, 21 Novemba

Mikungu. Miiba imeingia begani. Nimeendesha hadi sokoni na kurudi, bila sababu.

Jumanne, 27 Novemba

Esansi ya gari imepanda bei. Gari linakunywa kama mpagazi. Nimeliambia hivyo.

Jumamosi, 1 Desemba

Leo Bwana Ndabaniwe amekuja kwangu. Kwangu, chumbani, kwa miguu. Amisi alimpisha kigoda. Alikuwa na viatu vipya na tope limeviharibu, akawa anavifuta kimoja kwa kingine.

"Nasoro, ndugu yangu."

Sikuwahi kuwa ndugu yake. Nikasubiri.

"Alhamisi anakuja mkubwa wa serikali kufungua ofisi ya ushirika wa mawese. Watu watasimama barabarani kutoka mtoni hadi kiwandani. Huwezi kumpitisha kiongozi wa nchi huru ndani ya gari la kufungwa, watu wasimwone. Lazima asimame, apunge mkono. Na gari la wazi hapa Rumonge liko moja."

"Si la wazi tena. Lina paa."

"Paa lile si kitu, tutalikata. Baadaye serikali itashona jingine."

"Alhamisi gari lina kazi. Linampeleka Batuli kwa mumewe."

"Harusi inaweza kungoja Ijumaa."

"Siku ya harusi imeshasomwa msikitini. Na mkubwa anaweza kuja Ijumaa?"

Alifunga macho kidogo. Nikamwuliza jambo moja, na naapa kama angelijibu vizuri sijui ningefanya nini, kwa sababu mimi pia nilisimama kwenye uwanja siku ya bendera nikalia. Nikamwuliza: "Nani ataendesha?"

"Dereva wa lori. Ana kofia na glavu."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa na wenzako nyuma. Likikwama, mtasukuma."

Amisi alitoka nje. Nilimsikia akikohoa kwa kicheko au kwa hasira, sijui.

Nikasema hapana. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi, *oya*, ili lisipotee njiani. Bwana Ndabaniwe akasimama. Akasema Alhamisi asubuhi atakuja na watu na atalichukua, na anayeizuia serikali ajue kwao ni ng'ambo ipi.

Hapo ndipo niliogopa. Mtu anaweza kuvushwa ziwa kabla ya jua kutua. Nilikwenda kwa Mama Batuli nikamweleza yote, nikamwambia tukodi lori, tutafute mablanketi. Alinisikiliza akikata uzi kwa meno.

"Weye unataka kulitoa gari?"

"Sitaki."

"Basi usinitafutie mablanketi. Nenda kalale. Alhamisi ulete gari kwangu baada ya sala ya asubuhi, ulisimamishe mlangoni. Zingine za wanawake."

Jumatano, 5 Desemba

Nimeliosha. Nimelisugua mpaka likaonyesha uso wangu. Uso umechoka lakini ni wangu.

Alhamisi, 6 Desemba

Naandika nikiwa Magara, kwa wakwe, nimeshiba. Nitaandika yote.

Nilifika mlangoni kwa Mama Batuli kukiwa kunapambazuka. Wanawake walikuwa wameshajaa uani. Walitoka wote kwa pamoja, kanga zimeshikwa juu kama ukuta, na katikati ya ukuta huo Batuli akapita akaingia kwenye gari. Mapazia yakafungwa. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, kama inavyopasa. Nikamwambia Mama Batuli: mbona mapema hivi, safari si ni baada ya adhuhuri? Akasema: "Mwari ameshaketi. Sasa tuone."

Wakaweka mikeka pande zote nne za gari, wakakaa, wakaanza kuimba na kupiga vigelegele. Mwamini, dada wa marehemu baba yake Batuli, mama mnene mwenye sauti, alikaa mbele kabisa, mgongo kwenye bampa.

Bwana Ndabaniwe akaja saa ya chai. Alivaa suti. Nyuma yake watu wawili wa kiwandani wenye mapanga ya kukatia mikungu, na mmoja wao alikuwa Assumani. Assumani hakunitazama.

"Amahoro, mama zangu," akasema Bwana Ndabaniwe.

"Amahoro!" wote, kama darasa.

"Tumekuja kuchukua gari. Tutakata hilo paa, hatutachelewa."

Mama Batuli akainuka taratibu, akajifunga kanga yake upya.

"Karibu, Bwana. Ndani kuna mwari."

"Amtoe... mumtoe."

"Mwari akishaketi ndani ya chombo cha kumpeleka hashuki mupaka mlango wa mumewe. Akishuka njiani, ametoka kwa mama hajafika kwa bwana, ni wa nani sasa? Hiyo ndiyo desturi yetu. Lakini sikuzuii. Wewe ni mukubwa. Kata." Akamsogelea. "Ila mwanaume atakayefungua hapo leo akamuona, huyo ndiye amemuoa. Mahari umekuja nayo?"

"Na mke wako Domitille tumwambie ajitayarishe!" akapaza Mwamini kutoka chini. "Nyumba iko na vyumba viwili?"

Vigelegele vikapasuka. Hata kutoka ndani ya gari nilisikia mtu akicheka, akajiziba mdomo.

Bwana Ndabaniwe akamgeukia Assumani. "Kata."

Assumani aliangalia panga lake kama kitu alichoazima. "Bwana, mimi siwezi. Mama yangu ni yule pale kwenye mukeka."

"Nakuona, Assumani," akasema mama yake.

Yule wa pili alikuwa mtu wa milimani, si Mwislamu, hana mama mkekani. Alipiga hatua moja. Wanawake wakaacha kuimba. Walimtazama tu, wote, na akakumbuka kwamba ana haja ya kuwasha sigara.

Mvua ikaanza. Matone makubwa. Wanawake wakafungua miavuli wakabaki palepale. Bwana Ndabaniwe hakuwa na mwavuli. Suti yake ikawa inabadilika rangi kutoka mabegani kwenda chini, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu aliyeahidi kitu kwa wakubwa wake na sasa hana cha kuwaonyesha. Kama ni mimi, ningeona haya. Nilimwonea huruma kidogo. Nasema kidogo.

Akanijia hadi usoni. "Nasoro. Ukiwasha gari hilo leo, kiwandani usirudi. Na barua ya kukaa hapa, usiniombe."

Nilikuwa na miaka tisa pale. Nilikuwa na posho ya mawese, chumba nusu, bega lenye miiba, na barua inayosema mimi ni mfanyakazi wa fulani, basi niruhusiwe kuwa hapa. Nilifikiri juu ya hivyo vyote na nikaona vyote vinaingia kwenye kapu moja.

"Bwana," nikamwambia, "umenikuta mimi ni dereva. Dereva hasukumi."

Nikaingia. Mama Batuli akaingia mbele, Mwamini nyuma kwa mwari. Gari hili tangu nilinunue haliwaki kabla ya kulibembeleza, na moyoni nilikuwa nimeshajiona nikishuka mbele yake na kuomba watu. Nikageuza ufunguo. Likawaka mara moja. Sijui lilisikia nini.

Tulitoka asubuhi ile ile, mapema kuliko ilivyopangwa, na mvua ilikuwa inapiga paa kama mtu anayetaka kuingia. Haikuingia. Hakuna tone, isipokuwa upande wangu, kwenye kona ya kushoto, tone moja moja kwenye goti. Batuli alikuwa analia nyuma kama inavyotakiwa, kisha nikasikia: "Mama, haya maua ya juu umeshona wewe?" na Mama Batuli akasema ndiyo, na hapo yeye ndiye aliyelia.

Karibu na Magara tulikutana na msafara wa mkubwa. Magari meusi, yamefungwa vioo mpaka juu kwa sababu ya mvua. Hata kama gari la wazi wangelipata, mkubwa angempungia nani? Barabara ni nyembamba. Askari wa mbele waliliona gari jeupe la kiwanda, lile wanalolijua miaka yote, wakadhani limetumwa kuwapokea. Wakasogea ukingoni wakapiga saluti.

Nikaitikia.

Mwamini alicheka mpaka gari likayumba.

Jumamosi, 8 Desemba

Nimeondolewa kazini. Jina langu lilisomwa mbele ya kengele, Assumani ameniambia. Mkubwa alifungua ofisi ndani ya bohari, akala, akaondoka. Hakuuliza habari ya gari.

Jumapili, 16 Desemba

Kaka yake Batuli amenipeleka kwa Hadji, mzee wa mtaa, naye amenipeleka ofisi ya komini, serikali ya hapa, kusema mimi ni mtu wake. Nimepewa barua ya miezi mitatu. Si mingi. Imeandikwa "dereva".

Jumanne, 25 Desemba

Bwana Ndabaniwe amemtuma mtu: niuze gari, nirudi kuchemsha, uhamisho usahaulike. Amisi, ambaye hunicheka siku zote, safari hii hakucheka. Alisema, "Chukua, ndugu yangu. Kisha vuka, nenda kwenu, upumzike. Umechoka, nakuona."

Ni kweli nimechoka. Niliamka nimechoka na nitalala nimechoka. Lakini kuna kuchoka kwa kubeba cha mtu na kuna kuchoka kwa kubeba chako, na sasa nimeonja vyote viwili. Nikamrudisha yule mtu na salamu za Noeli.

Jumatano, 2 Januari 1963

Kazi mpya. Alfajiri naenda Magara ufukweni wavuvi wakirudi, napakia akina mama na masinia yao ya ndagala, nawapeleka soko la Rumonge, siku nyingine hadi Kabezi. Viti vyekundu vya mzungu sasa vinanuka samaki hata vikiwa vimeoshwa. Mama Batuli, ambaye siku hizi namwita kwa jina lake, Wema, ndiye anayepanga nani akae wapi, na nani analipa kwa samaki. Anakuja kila siku. Anasema analinda paa lake.

Ijumaa, 11 Januari

Leo nilimkuta Domitille, mke wa Bwana Ndabaniwe, amesimama kandokando ya barabara na kapu la mihogo, mvua inakuja. Nikasimama. Alisita, akaangalia nyuma, akapanda. Nikampeleka mpaka sokoni. Akishuka akasema *murakoze cane*, asante sana, na nikaona anatabasamu kwenye kapu.

Alhamisi, 17 Januari

Tumekwama.

Palepale pa zamani, mteremko wa mtoni, tope jekundu. Gari limejaa akina mama na samaki, Domitille yumo pia, tangu siku ile anapanda karibu kila siku. Magurudumu yalizunguka yakachimba, likakaa. Nilizima. Mvua juu ya paa.

Kiwanda hakiko mbali na pale. Honi mara tatu ingesikika, na najua Assumani na wenzangu wangeacha mapipa wakaja mbio, miguu yao ingekuja hata kabla ya akili. Mkono wangu ulikuwa juu ya honi. Niliuondoa.

"Tushuke," nikasema. "Wote."

"Na usukani nani atashika?" akauliza Wema.

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulishona paa. Usukani ni mviringo tu. Likitoka, usisimame mpaka juu."

Akahamia kwenye kiti changu, akakaa pale panapovuja, tone likamdondokea, akamtukana fundi aliyeshona. Sisi tukaenda nyuma. Akina mama walikunja kanga hadi magotini. Domitille, mke wa msimamizi, alivua viatu, akaviweka kwenye kapu la mihogo, akaweka mabega yake karibu na yangu kwenye chuma kilekile ninachokijua kuliko kitanda changu. Tukasukuma. Halikwenda. Tukasukuma tena, na ndipo Wema, kule mbele, akapiga honi mara tatu.

"Sukumeni, nyinyi! Mumelala?"

Tulicheka hadi nguvu zikatuishia, na kwa kicheko hicho hicho likatoka. Magurudumu yakashika ardhi, yakatuchapa tope la uso, wote, midomo wazi, na gari jeupe likapanda mteremko likienda pembeni kidogo, halikusimama.

Nilibaki nimesimama mtoni nimejaa tope kuanzia kichwani. Domitille akaniuliza mbona sijifuti.

Nikamwambia aache kwanza. Tope hili ni langu.